Mtu wa Kupigiwa Simu

Jumapili saa kumi na moja na nusu alfajiri, kituo cha Shinjuku kilikuwa na watu wa aina mbili: waliokuwa wanarudi kutoka kulewa, na sisi tuliokuwa tunakwenda milimani. Siku hizi kila mpanda mlima ana simu mfukoni inayomwambia pinda kushoto, pinda kulia, na bado wanapotea. Mwaka 1983 tulikuwa na karatasi. Ilikuwa na majina yetu, treni, basi, njia ya kupandia na ya kushukia, na chini kabisa mstari mmoja: mtu wa kupigiwa simu. Huyo hapandi. Anabaki mjini, anakaa karibu na simu mpaka asikie kwamba wote tumeshuka salama.

Aliyekuwa anatuandikia karatasi hizo ni Hosaka Chizuru, mwenye miaka ishirini na minane, mchoraji wa ramani za mabomba ya maji katika ofisi moja kule Kanda. Mwanamke mwembamba, mwenye nywele fupi na macho yasiyopitwa na kosa. Asubuhi ile ya Aprili alivaa shati la miraba, suruali ya kuishia magotini, soksi ndefu nyekundu na buti alizozipaka mafuta mpaka zikang'aa. Aliingia kwenye kibanda cha tambi karibu na mlango wa magharibi, vile vibanda vya kula ukiwa umesimama, akajipenyeza kati ya dereva wa teksi na mlevi aliyesinzia wima. Akaagiza tambi za soba, akatandaza karatasi yake kando ya bakuli.

Mpishi alikuwa kijana mrefu, taulo nyeupe kichwani, mikono ya fulana imekunjwa hadi mabegani. Aliweka bakuli la mlevi kwa haraka. Mchuzi ukaruka, ukatua katikati ya karatasi.

"Eh! Unaona ulichofanya?"

"Samahani, dada. Samahani sana. Lete niikaushe."

"Utaikaushaje?"

"Juu ya jiko. Au niipige pasi kwa sahani ya moto, chagua." Akaichukua, akaishika juu ya joto kwa ncha za vidole, na akaanza kuisoma, ruhusa ambayo hakupewa. "Treni saa kumi na mbili na dakika nane. Basi saa mbili na dakika kumi na moja. Kileleni, kula, dakika arobaini." Akainua macho. "Mnakula kwa saa? Na asiyeshiba?"

"Atashiba kwenye treni."

Dereva wa teksi akacheka hadi tambi zikampalia.

"Na hapa chini pako wazi," kijana akaendelea. "Mtu wa kupigiwa simu, hakuna."

"Huwa ni mke wa kiongozi wetu. Jana binti yake kajifungua, mama kaenda huko. Ndiyo maana nimesimama hapa nawaza nimwamshe nani saa hizi."

"Anafanya nini mtu huyo?"

"Anakaa karibu na simu. Nikishuka nampigia. Ikifika saa niliyoandika sijapiga, anawaarifu polisi wa kule."

Kijana akaelekeza kidevu chake kwenye kona ya kaunta. Palikuwa na simu ya sarafu ya rangi ya waridi, zile walizowekewa wateja. "Hiyo inapiga na inapokea. Mimi niko hapa mpaka saa mbili usiku. Jumapili zote, sina pa kwenda."

"Sikujui."

"Minegishi Tetsuro. Tambi zangu ndizo hizo mbele yako. Zionje kwanza, kisha useme kama mtu aliyezipika anaweza kusahau simu."

Chizuru akaonja. Akaichukua karatasi yenye duara la mchuzi, akaandika jina la kijana kwenye ule mstari, na sisi tuliokuwa tunamsubiri nje tulishangaa kumwona anatoka anatabasamu, kwa sababu saa ile Chizuru hakuwa mtu wa kutabasamu.

Tulishuka siku hiyo saa tisa na nusu na dakika chache. Alikimbilia kibanda cha simu kabla hata hajafungua kamba za buti.

"Hallo? Tumeshuka. Watu kumi na wawili, wote wazima."

"Saa tisa na dakika thelathini na saba," Tetsuro akasema. "Mmechelewa dakika saba."

"Bwana Kuramochi alisimama kupiga picha maua."

"Mwambie amenitesa dakika saba."

"Wacha utani."

"Muulize shangazi yangu, mwenye kibanda. Nimetia chumvi mara mbili kwenye mchuzi, wateja wanalalamika."

Mke wa Bwana Kuramochi, kiongozi wetu, alirudi wiki iliyofuata, lakini hakuna aliyemrudishia kazi yake. Kila Jumapili alfajiri Chizuru alipita kwenye kibanda, akaacha nakala ya karatasi, na Tetsuro akaibandika ukutani juu ya simu. Kila Jumapili jioni simu ikalia. Mwanzoni waliongea kwa sarafu moja. Kufikia Juni, Chizuru alikuwa anatembea na sarafu za yeni kumi kwenye kopo la filamu ya kamera, na sisi tulikuwa tunamaliza kuoga, kunywa chai na kununua kachumbari za kijiji yeye akiwa bado kwenye kibanda cha simu, mgongo umetugeukia, mguu mmoja unachora chora chini.

Kibanda cha tambi kilikuwa cha shangazi yake Tetsuro, Bi Sadako, aliyemlea tangu akiwa na miaka kumi. Magoti ya Bi Sadako yalikuwa yamechoka, na Jumapili ndiyo siku iliyowalisha wiki nzima. Walifunga Jumatano. Jumatano Chizuru alikuwa ofisini. Basi wakawa wanaonana Jumatano jioni katika mkahawa wa kahawa kule Kanda, yeye na sketi yake ya ofisi, Tetsuro na koti la pekee alilokuwa nalo, la rangi ya udongo, linalonukia mchuzi hata likifuliwa.

"Hujawahi kupanda mlima hata mmoja?" Chizuru alimuuliza jioni moja.

"Nilipanda nikiwa shuleni. Tulifika penye ngazi ya chuma. Darasa zima lilipita, mimi nikaikumbatia ile ngazi nusu saa. Mwalimu alinibandua kidole kimoja kimoja."

"Mtu mrefu hivi?"

"Ndiyo tatizo lenyewe. Mimi nikianguka naanguka mbali."

Chizuru akacheka mpaka akafunika uso kwa leso. Kisha akakizungusha kikombe. "Hutapenda siku moja kuona ninachokiona?"

"Nakiona. Unanisimulia."

"Kusimuliwa siyo kuona, Tetsuro-san."

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba, na wote wawili waliujua. Tetsuro aliamini kumsubiri mtu ni kumpenda, tena kwa namna iliyo bora. Chizuru alikuwa amesubiriwa vya kutosha. Alitaka mtu wa kutembea naye, bega kwa bega, hata kama ni kwenye kilima cha watoto. Bi Sadako, aliyekuwa anasikia simu zao zote kupitia ukuta wa mbao, mwezi wa kumi akamwambia mpwa wake, "Jumapili ya mwisho ya Novemba nitamwita binti wa jirani anisaidie. Nenda na mwenzio. Usinirudie umevunjika."

Tetsuro alimpa Chizuru habari hiyo kwa simu, na Chizuru akajibu kwa sauti kavu, "Nitafikiria njia." Kumbe alipokata simu aliruka ruka ndani ya kile kibanda kama mtoto. Sisi tulimwona kupitia kioo.

Njia yenyewe ilimnyima usingizi. Ilibidi isiwe na ngazi wala mnyororo. Iwe na pa kukaa. Ifae miguu ya mtu anayesimama kutwa kwenye sakafu ya saruji lakini hajazoea kupanda. Akachagua Mlima Tsuzurao, mlima mdogo usio na jina kubwa, na Jumamosi ya wiki mbili kabla ya siku yao akaomba ruhusa kazini, akaenda peke yake kuukagua. Hiyo ni desturi yetu wapangaji: humpeleki mtu mahali ambapo mguu wako haujafika. Tetsuro hakuambiwa kwa nini anaenda. Aliachiwa tu karatasi: mtu mmoja, kushukia kijiji cha Yazawa, simu saa tisa na nusu, polisi saa moja jioni.

Kileleni Chizuru aliona kijia kinachoteremka upande wa pili, kipana, chenye majani makavu, cha kupendeza kabisa. Kilifaa kuliko kile cha Yazawa. Akaangalia saa, akaangalia ramani, akafanya jambo ambalo angemfukuza mtu kikundini kwa kulifanya: akashuka kwa njia ambayo hakuiandika.

Kijia kilikuwa kirefu kuliko kilivyoonekana kwenye ramani. Giza la Novemba likamkuta msituni, akawasha tochi. Hakuwa hatarini hata kidogo. Alikuwa anahesabu hatua na kuandika kwenye daftari: hapa apumzike, hapa anywe maji.

Mjini, saa tisa na nusu ilipita. Saa kumi ikapita. Saa kumi na nusu Tetsuro aliunguza mboga. Saa kumi na moja, nje kumekuwa giza, aliinua simu.

"Saa moja imeandikwa hapo," Bi Sadako akamwambia. "Subiri saa yake."

"Shangazi, hajawahi kuchelewa zaidi ya dakika kumi na mbili."

Akawapigia polisi. Akampigia Bwana Kuramochi. Akampigia mama mwenye nyumba aliyopanga Chizuru. Akawapigia polisi tena. Na saa kumi na moja na dakika tano, upande wa pili wa mlima, katika kijiji cha Ogawara, Chizuru alikuwa ndani ya kibanda cha simu anapiga namba ya duka la tambi na kusikia laini ina mtu. Akapiga tena. Ina mtu. Basi la mwisho likawasha taa, dereva akampigia honi, akapanda. Kwenye kituo cha treni akapiga mara mbili. Ina mtu, na treni inaondoka. Akajiambia wateja wamekuwa wengi leo. Akakaa dirishani, akalala na daftari mapajani.

Saa mbili kasoro robo aliingia dukani, majani makavu bado kwenye nywele, kifurushi cha kachumbari mkononi. Tetsuro alikuwa na simu sikioni. Alimtazama kama amemwona maiti.

"Yuko hapa," akasema kwenye simu. "Ndiyo. Yuko hapa. Mzima."

Wanaume kumi na wawili wa Yazawa, wazimamoto wa kujitolea, walikuwa wameacha chakula chao cha jioni na kupanda Tsuzurao kwa tochi. Mmoja wao, mzee wa miaka sitini na moja, alikuwa ametegua kifundo cha mguu akishuka korongoni kumtafuta. Hayo Chizuru aliyajua kwa kusikiliza maneno ya Tetsuro ya upande mmoja, na uso ukampauka.

"Niliandika saa moja," akasema. "Saa moja! Umewatoa watu majumbani mwao saa mbili kabla."

"Na uliandika Yazawa! Umeshukia wapi?"

"Ogawara."

"Kwa nini?"

Angesemaje, mbele ya wateja sita wanaojifanya wanakula, kwamba ni kwa ajili ya miguu yake? "Nilitaka tu."

"Wewe hujawahi kutaka tu. Hata chai unaipangia." Sauti ya Tetsuro ilikuwa inatetemeka, kwa woga uliokuwa bado haujamtoka, lakini ikasikika kama hasira. "Ulikuwa na nani huko?"

Chizuru akaweka kachumbari kwenye kaunta, akabandua karatasi ukutani, akaikunja mara nne. "Usiku mwema, Minegishi-san," akasema, na kwa kurudi kwenye jina la ukoo akawa amefunga mlango kabla hajautoka.

Jumapili ya mwisho ya Novemba ilikuja na jua zuri la kuumiza moyo. Tetsuro aliipitisha akikata vitunguu. Karatasi zetu zikarudi kwa mke wa Bwana Kuramochi, na Chizuru akasema amechoka kupanga, atafutwe mtu mwingine anayeweza. Majira yale ya baridi tulipotea njia mara mbili, na mara moja tulikosa treni tukiwa watu tisa, kwa kuwa hakuna aliyeangalia kwamba treni ya saa ile haipo Jumapili.

Bwana Kuramochi ni mtu mpole asiyependa kuingia mambo ya watu. Lakini mwezi Machi alisimama kwenye kaunta ya Tetsuro, akamaliza soba yake, akafuta miwani.

"Kuna mambo mawili huyajui," akasema. "La kwanza, wiki ile ya msako Chizuru alikwenda Yazawa. Akapita nyumba kumi na mbili, na chupa ya pombe ya mchele kila nyumba, akiinama mlangoni kuomba radhi. Peke yake. Alisema kosa ni lake."

Tetsuro akaacha kukata.

"La pili hili hapa. Alimpa mke wangu mafaili yote, na hili lilikuwa ndani. Sidhani alijua." Akaweka karatasi juu ya kaunta.

Ilikuwa imeandikwa kwa mkono ule mdogo ulionyooka. Mlima Tsuzurao, Jumapili ya mwisho ya Novemba. Washiriki: wawili. Kushukia Ogawara. Na pembeni: *Hakuna ngazi, nimehakikisha. Hapa pumziko la dakika kumi na tano, T. atasema hajachoka, asisikilizwe. Hapa gogo la kukalia, linawatosha wawili.*

Tetsuro aliisoma mara tatu. Kisha akaingia nyuma, na Bi Sadako akamhudumia mteja aliyefuata bila kuuliza kitu.

Siku nne baadaye bahasha ilifika ofisini Kanda. Chizuru aliifungua Jumamosi mchana, akasimama nayo katikati ya meza za wachoraji. Mwandiko ulikuwa wa kupinda pinda. *Mlima Tsuzurao, Jumapili hii. Mshiriki: Minegishi Tetsuro, mmoja. Shughuli: kuwapikia soba wazimamoto wa Yazawa saa nne, kuomba radhi, kupanda, kushukia Ogawara, basi la saa kumi na dakika arobaini. Mtu wa kupigiwa simu: Hosaka Chizuru, dukani kwa Shangazi. Simu saa kumi. Polisi saa moja.*

"Mpumbavu," akasema kwa sauti, wenzake wakageuka. "Ameandika basi la saa kumi na dakika arobaini. Hilo ni la siku za kazi! Jumapili halipo!"

Jumapili alifika dukani saa mbili asubuhi akiwa na penseli nyekundu mkononi. Tetsuro alikuwa ameshaondoka kwa treni ya kwanza, na unga wake, kibao chake na sufuria mgongoni.

"Ameniambia wewe ndiye mwenye simu leo," Bi Sadako akasema, akamrushia aproni. "Ukikaa bure utaharibika akili. Osha bakuli."

Akaosha bakuli. Akabeba trei. Akaunguza ulimi kwa kuonja mchuzi. Saa kumi ilifika, akasimama kando ya ile simu kama mlinzi wa benki. Saa kumi na robo. Saa kumi na nusu.

Mteja mmoja mwenye suti akasogea na sarafu. "Naomba nimpigie mke wangu."

"Haiwezekani."

"Si simu ya wateja?"

"Leo ina kazi."

"Dada, ni dakika moja tu. Nataka kumwambia nachelewa."

"Nenda kamwambie mwenyewe, hutachelewa!"

Duka zima likacheka, mtu wa suti akarudi kwenye tambi zake akinung'unika. Chizuru hakucheka. Mara tatu mkono wake ulienda kwenye kile chombo cha kusikilizia. Alijua namba ya polisi wa kule kwa kichwa, alikuwa ameiandika mara themanini. Mara ya tatu alikuwa ameshakiinua, anasikia mlio wa laini, na Bi Sadako akamfinya mkono.

"Ukiongea wewe, ataingilia wapi yeye?"

Chizuru akakirudisha polepole. Akamtazama yule mama, na machozi yakaanza kumtoka pale pale, mbele ya watu. "Nilipiga mara nne," akasema. "Siku ile. Nikaona laini ina mtu, nikapanda basi. Sikuwaza hata kidogo yeye yuko katika hali gani. Hata kidogo, Shangazi."

"Unawaza sasa."

Simu ililia saa kumi na moja na dakika tatu. Aliinyakua kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Hallo! Uko wapi? Umeumia?"

"Nimeshuka," Tetsuro akasema. Alikuwa anahema. "Niko Ogawara. Chizuru-san, hapa hakuna basi."

"Najua hakuna basi! Umesoma safu ya siku za kazi! Jumapili ni safu ya kulia, ya wino mwekundu, kipofu wewe!"

"Usilie."

"Silii. Umefikaje? Miguu yako?"

"Miguu sijui iko wapi. Yule mzee wa kifundo amenifuata na gari dogo la mizigo, ananingoja hapa. Alisema alijua nitakosa basi. Wamekula soba mpaka wakaomba na maji yaliyochemshia tambi wayanywe."

"Na mlima? Umeona nini juu?"

"Ukungu. Sikuona kitu. Ningekuwa nimefumba macho ingekuwa sawa tu." Sarafu ikadondoka ndani ya simu. "Lakini lile gogo nimelikalia. Nimekaa upande mmoja."

Bi Sadako akaitwaa simu mkononi mwake.

"Wewe, sikiliza. Kuanzia mwezi ujao nafunga kila Jumapili ya kwanza. Nimezeeka, nataka kulala. Usinishukuru, unamaliza sarafu." Akamrudishia Chizuru.

"Ukifika Tachikawa shuka," Chizuru akasema haraka. "Kaa kwenye jukwaa la treni za Shinjuku. Nakuja. Utanisubiri?"

"Kusubiri ndiyo kitu pekee ninachokijua," Tetsuro akasema, na laini ikakatika.

Alitoka mbio. Mwanamke aliyekariri ratiba ya reli kama wengine wanavyokariri nyimbo, akapanda ngazi za kituo mbili mbili na kuruka kwenye treni ya kwanza iliyofungua milango, nayo ikaondoka kwenda upande usio wake. Alishtuka amefika Yotsuya. Ikabidi ashuke, avuke, arudi upya.

Tetsuro alikuwa kwenye benchi la mbao, matope hadi magotini, sufuria kando yake, kabichi mbili za zawadi mapajani. Alimwona Chizuru anashuka na sketi, viatu vya ofisini, na aproni ya duka yenye madoa ya mchuzi. Akasimama kwa shida, kabichi moja ikaviringika.

"Umechelewa."

"Nilipanda ya kwenda kituo cha Tokyo."

"Wewe?"

"Mimi."

Hakuthubutu kucheka mpaka Chizuru alipoanza. Kisha wakakaa, kabichi katikati yao.

"Niliwapigia polisi kabla ya saa," Tetsuro akasema. "Na nikakuuliza ulikuwa na nani. Hilo la pili ndilo baya zaidi. Nisamehe."

"Mimi niliacha njia niliyoandika. Na leo nimeishika ile simu mara tatu. Nisamehe na mimi." Akamfuta tope shavuni kwa pindo la aproni, watu wanapita, na enzi zile hilo lilikuwa jambo kubwa.

"Una karatasi ngapi za milima?"

"Themanini na nne."

"Shangazi ametupa Jumapili kumi na mbili kwa mwaka. Toa za theluji."

"Na za mvua. Zinabaki sita."

Tetsuro akahesabu kwa vidole vyeusi, midomo inacheza. "Miaka kumi na minne," akasema. "Chizuru, nataka tuoane. Kupanga sijui, umeona mwenyewe. Upange wewe, mimi nitembee. Hata penye ngazi, ukinibandua kidole kimoja kimoja."

Chizuru akaipangusa kabichi jani kwa jani, mpaka masikio ya Tetsuro yakawa mekundu.

"Miaka kumi na minne haitoshi," akasema. "Nitaongeza milima."

Treni ya Shinjuku iliingia, ikafungua milango, ikaifunga, ikaondoka. Wakaiacha, na iliyofuata nayo wakaiacha.